Somo la Kumi na Tisa: Chanda Chema Huvikwa Pete

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome kwanza peke yake. Kila penye neno SIMAMA, asimame, awaulize wanafunzi, kisha aendelee.)

Kila mmoja afungue daftari lake na kushika kalamu yake.

Mwalimu wenu ataandika ubaoni maneno matano: nishani, bingwa, kocha, kibao, kumbukumbu. Yasomeni kwa sauti, mara mbili.

Nishani ni alama anayovishwa mtu kwa sababu ya kazi njema. Bingwa ni mtu aliyewashinda wenzake katika kazi au mchezo. Kocha ni mwalimu wa mchezo. Kibao ni ubao mdogo, na leo tutazungumza juu ya kibao chenye jina la mtu. Kumbukumbu ni kitu kinachotuzuia tusisahau.

Wazee wetu walisema, "Chanda chema huvikwa pete." Chanda ni kidole. Maana yake, mtu aliyefanya vizuri astahili kuheshimiwa. Lakini walisema pia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii ya pili twaizoea dukani na sokoni. Leo nataka kuwaonyesha kwamba heshima nayo ni mali, nayo bila daftari hupotea.

Swali letu ni hili: shule ndogo au chuo kidogo, kisicho na fedha nyingi, chawezaje kuwaheshimu wanafunzi wake wa zamani waliotia fora katika michezo, pamoja na makocha waliowafundisha? Na heshima hiyo yamfaa nani?

MITI YENYE MAJINA

Twende kwanza Kenya, katika mji wa Iten. Mji huu uko ukingoni mwa bonde la Kerio, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na asubuhi ni baridi. Alfajiri barabara za udongo mwekundu hujaa vijana wanaokimbia. Katika barabara ya kuingia mjini kuna lango lenye maandishi ya Kiingereza, ambayo maana yake ni "Nyumbani kwa Mabingwa".

Hapo Iten kuna shule ya sekondari ya wavulana iitwayo St. Patrick's. Ilianzishwa na mabruda wa Kikatoliki kutoka Ireland mwanzoni mwa miaka ya 1960. Si chuo kikuu, wala hakuna hapo uwanja mkubwa wenye viti vya maelfu ya watu. Lakini wanafunzi wake wamekwenda mbali sana.

Bwana Mike Boit alisoma hapo. Mwaka wa 1972 alikimbia mita 800 katika michezo ya Olimpiki ya Munich, Ujerumani, akapata nishani ya shaba. Bwana Ibrahim Hussein alisoma hapo. Alishinda mbio ndefu za marathoni za New York mwaka wa 1987, na za Boston mwaka wa 1988, 1991 na 1992. Bwana Peter Rono alisoma hapo. Mwaka wa 1988 alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul, Korea ya Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu, na wengi hawakumtazamia. Bwana Matthew Birir alisoma hapo. Mwaka wa 1992, huko Barcelona, alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mbio hizo alijikwaa, akaendelea, akashinda.

Basi shule hii iliwaheshimuje vijana wake? Haikujenga jumba. Ilipanda miti. Katika ardhi ya shule imepandwa miti kwa ajili ya wanafunzi wa zamani waliotia fora ulimwenguni, na penye mti kuna kibao chenye jina. Mwanafunzi mgeni, siku yake ya kwanza, hupita hapo akienda darasani, akasoma.

Fikirini vizuri neno hilo: akasoma. Mti peke yake hausemi kitu. Ukiondoa kibao, mpita njia ataona mti tu, labda atafurahi kupata kivuli, kisha atakwenda zake. Kibao ndicho kinachoufanya mti kuwa kumbukumbu. Na kibao hakigharimu sana: ubao, rangi, na mtu ajuaye kuandika.

(SIMAMA. Mwalimu aandike ubaoni: PETER RONO, MITA 1,500, SEOUL 1988. Wanafunzi wasome. Kisha waulizwe: Jina ni lipi? Mbio zipi? Mahali gani? Mwaka gani? Kibao kizuri hujibu maswali hayo manne.)

DESTURI YA VYUO VIDOGO VYA MAREKANI

Bwana Peter Rono alipokimbia Seoul alikuwa bado mwanafunzi, lakini si wa Iten tena. Alikuwa akisoma katika chuo kidogo cha Marekani, kiitwacho Mount St. Mary's, katika mji mdogo wa Emmitsburg, jimbo la Maryland. Vijana wengi wa Kenya walikwenda kusoma katika vyuo vya Marekani kwa sababu ya mbio zao. Chuo humlipia kijana karo na chakula, naye hukikimbilia chuo huku akisoma.

Vyuo hivyo vina desturi ambayo yafaa tuijue. Kwa Kiswahili twaweza kuiita Ukumbi wa Heshima. Usidhani kwamba ni lazima uwe ukumbi kweli. Katika vyuo vidogo mara nyingi ni ukuta mmoja tu katika nyumba ya michezo, wenye picha na vibao, au kabati la kioo lenye makombe.

Desturi hii ilijulikana sana kutokana na mchezo wa besiboli, ambao ni mchezo wa kuupiga mpira mdogo kwa gongo. Mwaka wa 1936 walichaguliwa wachezaji watano wa kwanza wa kuheshimiwa, na mwaka wa 1939 ikafunguliwa nyumba ya kumbukumbu yao katika mji wa Cooperstown, jimbo la New York. Vyuo vingi, vikubwa na vidogo, vina kumbi zao za namna hiyo.

Kazi huenda hivi. Kwanza, mtu yeyote aweza kupeleka jina. Pili, kamati hukaa, ikasoma habari za kila jina. Tatu, wanaochaguliwa hualikwa chuoni, mara nyingi kwa karamu. Hapo wanafunzi wa sasa, wazazi na walimu wa zamani hukutana, majina husomwa, na kila mmoja hupewa kibao chake. Nne, jina huandikwa ukutani ili libaki.

Jambo moja lastahili kuangaliwa zaidi. Mtu hachaguliwi mara tu anaposhinda. Katika besiboli mchezaji hungoja miaka 5 baada ya kuacha kucheza. Vyuo vingi navyo vimeweka miaka ya kungoja. Kwa nini? Kwa sababu siku ya ushindi watu wote hupiga vigelegele, na mwenye vigelegele hapimi vizuri. Tena siku hizi wako wakimbiaji wanaokutwa baadaye wametumia dawa zilizokatazwa, wakanyang'anywa ushindi wao. Si vema chuo kiandike jina kwa haraka, kisha kilifute kwa aibu.

Lakini kungoja nako kuna hatari yake. Ukingoja mno, mtu hufa kabla hajaambiwa ahsante. Kwa hiyo miaka ya kungoja ina mwisho wake, na kamati lazima iujue.

KOCHA ASISAHAULIWE

Sasa tuje kwa makocha. Mkimbiaji anaonekana. Picha yake hutoka gazetini. Kocha hukaa kando, ameshika saa.

Mwaka wa 1976 alifika Iten bruda mmoja wa Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa na elimu ya kufundisha mbio. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe, siku baada ya siku, na kwa kuwasikiliza. Alikaa huko miaka mingi mno. Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake ni Bwana Wilson Kipketer, ambaye baadaye alikimbia kwa bendera ya Denmark. Mwaka wa 1997 Kipketer alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.11, na hakuna mtu duniani aliyekuwa amezikimbia upesi hivyo. Rekodi hiyo ilikaa mpaka mwaka wa 2010. Nani aliivunja? Bwana David Rudisha, kijana mwingine wa mwalimu yuleyule. Mwaka wa 2012, katika Olimpiki ya London, Rudisha aliishusha tena, mpaka dakika 1 na sekunde 40.91.

Mwaka wa 2019 chama cha riadha cha dunia kilimpa Bruda Colm tuzo ya makocha. Hesabuni wenyewe: kutoka 1976 mpaka 2019 ni miaka mingapi? Ni miaka 43.

Lakini ngojeni kidogo, kwa maana hapa ndipo penye fundisho letu. Rudini nyuma, mtazame tena miaka niliyoitaja. Bwana Mike Boit alipata nishani mwaka wa 1972. Bruda Colm alifika mwaka wa 1976. Basi mbio hazikuanza na Bruda Colm. Walikuwapo waliofundisha kabla yake. Alipofika alimkuta mwalimu Mwingereza, Bwana Peter Foster, akiwafundisha vijana mbio. Ndugu yake Foster, Bwana Brendan Foster, alipata nishani ya shaba ya mita 10,000 mwaka uleule wa 1976, katika Olimpiki ya Montreal. Foster alimwonyesha Bruda Colm kazi, kisha akaondoka.

Mnaona sasa? Tukisikiliza habari za mdomo tu, twasikia jina moja, lile kubwa. Tukiandika miaka, twagundua kwamba kabla ya mtu alikuwapo mtu. Kumheshimu wa pili hakumpunguzii kitu wa kwanza. Daftari lina nafasi ya wote wawili.

Tena, David Rudisha hakusoma St. Patrick's. Alisoma shule nyingine ya hapo Iten. Bibi Janeth Jepkosgei naye, aliyeshinda mita 800 katika mashindano ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka wa 2007, alifundishwa na Bruda Colm, lakini hangeweza kuwa mwanafunzi wa shule ya wavulana. Mwenye kuhesabu kwa daftari la shule peke yake angemwacha nje msichana huyu, na kazi aliyoifanya mwalimu kwa wasichana isingeonekana. Kwa hiyo kamati yenye busara huuliza maswali mawili: "Nani alisoma hapa?" na pia, "Nani alifundishwa na watu wa hapa?"

(SIMAMA. Waulizeni wanafunzi: Je, hapa kwetu kuna mwalimu wa mchezo, wa kiume au wa kike, ambaye watu wamemsahau? Kila mmoja ataje jina moja.)

KOMBE LA CHAKI

Nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilikwenda kutazama darasa la jioni katika chuo kidogo cha ualimu. Sitakitaja jina. Ofisini, juu ya kabati, niliona kombe la zamani. Ndani yake walikuwa wametia chaki. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kusuguliwa. Nikauliza, "Kombe hili lilishindwa na nani?" Mwalimu aliyekuwapo akacheka, akasema, "Tumelikuta hapo."

Nilipotoka nilimkuta mlinzi wa usiku, mzee wa makamo makubwa, ameketi langoni na daftari mapajani. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wa darasa letu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba mwanangu." Nikamwuliza habari za kombe.

Akasema, "Kombe lile nalijua. Liliwasili usiku. Mimi ndiye niliyefungua lango. Walikuwa vijana wanne, waliokimbia kupokezana kijiti, na mwalimu wao nyuma, anatembea kwa miguu kwa sababu gari lilikuwa limeharibika njiani."

Nikamwomba majina. Akataja la kwanza, la pili na la tatu. Akataja la mwalimu, ambaye alikwisha kufariki. La nne likampotea. Alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akasema, "Alikuwa mrefu, wa mwisho kupokea kijiti. Sura naiona. Jina limeniponyoka."

Nikampa kalamu. Aliandika majina yale polepole, herufi kwa herufi, na mstari wa nne akauacha wazi. Karatasi ile ilitiwa nyuma ya kioo, ikatundikwa karibu na kombe, na chaki zikapata mkebe wake.

Mstari ule wa nne bado uko wazi. Kijana yule alikimbia kama wenzake, naye ndiye aliyefikisha kijiti mwisho. Hakunyimwa heshima kwa chuki wala kwa ubaya. Amenyimwa kwa sababu usiku ule wa furaha hakuna aliyechukua kalamu.

NAMNA YA KUANZA

Sasa tuseme kwamba kijiji chenu, shule yenu au chama chenu chataka kuwaheshimu wachezaji na makocha wa zamani. Mfanyeje? Andikeni haya:

1. Fungueni daftari. Andikeni jina kamili, mchezo, mashindano, mahali, mwaka, na jina la kocha. Jambo lisilo na hakika liandikwe kwa kalamu ya risasi mpaka lithibitishwe na watu wawili.

2. Chagueni kamati ya watu wachache. Wawemo mzee, kijana na mwanamke. Mtu asikae katika kamati siku linapojadiliwa jina la ndugu yake.

3. Wekeni sharti mapema, kabla ya kutaja jina lolote. Lazima mtu awe ameshinda nini? Ingojewe miaka mingapi? Sharti likiwekwa baada ya majina, watu watasema mmependeleana, nao watakuwa na haki.

4. Kila mwaka mtakapochagua wachezaji, chagueni na kocha. Kumbukeni pia anayetengeneza uwanja, anayepika chakula cha timu, na anayeshona jezi.

5. Chagueni alama mnayoweza kuitunza. Mti wafaa, lakini mti wataka maji. Kibao chafaa, lakini kibao chataka rangi kila baada ya miaka michache. Afadhali kibao kimoja kisomekacho kuliko kumi vilivyofutika.

6. Wekeni siku moja. Mwalikeni mwenye kuheshimiwa angali hai. Asimame mbele ya watoto, aeleze alivyoanza, alivyoshindwa, na alivyorudi tena.

Na sasa nalijibu swali letu la mwanzo: heshima hii yamfaa nani? Yamfaa mwenyewe, kwa kuwa moyo wa mtu hufurahi kuona hakusahauliwa. Lakini yeye amekwisha kukimbia mbio zake. Zaidi yamfaa mtoto atakayepita kesho chini ya mti ule. Atasoma jina, aone ni jina kama la jirani yake. Atajua kwamba huyu naye alilala katika bweni lile, akala ugali ule, akakimbia katika njia ile.

Na ninyi wanafunzi wa watu wazima mna kazi kubwa hapa kuliko mnavyodhani. Vijana wana macho na miguu, lakini hawakuwapo. Ninyi mlikuwapo. Mmeona timu zilizoshinda na walimu waliozifundisha. Zamani mliweza kusimulia tu. Sasa mwaweza kuandika.

MASWALI

1. Kwa nini mti usio na kibao si kumbukumbu?
2. Nani alikuwa akifundisha mbio Iten Bruda Colm alipofika?
3. Taja faida moja na hatari moja ya kungoja miaka kabla ya kumheshimu mtu.
4. Eleza maana ya methali: "Mali bila daftari hupotea bila habari."

KAZI YA NYUMBANI

Mtafute mtu mmoja wa kwenu aliyecheza au kufundisha mchezo zamani. Mwamkie kwa adabu, mwulize jina lake kamili, mchezo, mahali na mwaka. Mwulize pia, "Nani alikufundisha?" Andika majibu yote katika daftari lako, uje nayo siku ya somo lijalo. Mwalimu atayanakili majina yote katika daftari moja la darasa, na daftari hilo lisitoke darasani.

Hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena katika somo la ishirini.